Gesi ya AC si petroli, haiishi kwa kutumiwa

Shikamoo fundi,

Nina Toyota Carina Ti ya 1998, niliachiwa na marehemu baba. Injini bado nzima, bodi imechoka kidogo lakini haina kutu ya kutisha, na kwa kweli sina mpango wa gari jingine. Shida yangu ni AC.

Naishi Mbezi Luis, kazi yangu iko Posta. Kila asubuhi niko Barabara ya Morogoro na watoto wawili. Mmoja namshusha Kimara, mwingine Magomeni. Joto la kaskazi likishaanza, Desemba mpaka Machi, nikifungua vioo tunakula vumbi na moshi wa malori, nikivifunga tunaiva kama viazi. Kwa hiyo AC kwangu si anasa.

Mwaka jana nimejaza gesi mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, na baridi ilikuja mpaka mwanangu akaomba sweta. Ilipofika Mei napulizwa upepo wa kawaida tu. Nikarudi kwa fundi yuleyule, akaongeza. Septemba tena. Kila mara elfu hamsini, na kila mara jibu ni lilelile: "Dada, gesi imeisha, hizi gari za zamani zinakula gesi." Kazi yenyewe haizidi dakika kumi: anachomeka mpira kwenye bomba, anafungulia kopo, anashika bomba kwa mkono, anasema tayari. Mara ya mwisho akaniambia kompresa imechoka, anayo ya mtumba ya laki tatu na nusu.

Kuna mengine sijui kama yanahusiana. Hata gesi ikiwa mpya, nikinasa kwenye foleni ya Ubungo baridi inapungua, nikipata mwendo inarudi. Halafu zulia la miguuni upande wa abiria linalowa. Viatu vya shule vya mwanangu vimeanza kunuka uvundo.

Washauri ninao wengi. Kaka yangu anasema AC ing'olewe yote, gari kuukuu la nini AC. Jirani anasema gesi ya kupikia inafanya kazi ileile kwa bei chee. Mwenzangu kazini anasema kuna dawa ya kuziba matundu, inajazwa pamoja na gesi. Nimepiga picha tatu chini ya boneti, nimeziambatanisha.

Nifanyeje, fundi?

Mwanao,
Tunaoiva, Mbezi Luis

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee. Gari alilokuachia bado lina safari ndefu mbele yake, na AC yake inatengenezeka. Ila kwanza tukubaliane kuacha kujaza.

Neno linalokutoa elfu hamsini kila baada ya miezi mitatu minne ni hilo la fundi wako, "imeisha". Petroli huisha: inaungua, inatokea ekzosi, umeitumia. Gesi ya AC haiungui wala hailiwi na gari, liwe la zamani au la jana. Inazunguka tu humo ndani. Kompresa inaikandamiza, inatoka imechemka kwa shinikizo kubwa. Inapita kwenye kondensa, ile mafundi wengi huiita rejeta ya AC, iliyo mbele kabisa nyuma ya shoo. Hapo upepo unaipokonya joto, nayo inageuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenyezwa kwenye kitundu chembamba na kuingia evapoleta, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Shinikizo likiporomoka ghafla, kinachemka tena na kuwa gesi, na ili kichemke lazima kivute joto mahali. Kinalivuta kwenye hewa inayowapuliza. Gesi ya gari lako, R134a, ikiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ndiyo maana ikimrukia mtu mkononi inaunguza kama barafu. Kisha inarudi kwenye kompresa na mzunguko unaanza upya. Ni gesi ileile mwaka baada ya mwaka.

Sasa kama ilikuwamo Februari na Mei haimo, haikuisha. Imetoka. Kuna mahali pana tundu, na umekuwa ukililipia kodi. Siwezi kusema mfumo mzima haupotezi kabisa. Mipira hupumua kidogo, gramu chache kwa mwaka, na gari la umri huo likiomba kuongezwa baada ya miaka kadhaa silishangai. Mara tatu kwa mwaka ni habari nyingine.

Na huko kushika bomba kwa mkono, ngoja nikuambie kwa nini hakusaidii, maana nami nilikuwa nafanya hivyohivyo ujanani. Wewe mtungi wako wa kupikia wa kilo 15 unajuaje kama umejaa? Moto wa jiko ni uleule mtungi ukiwa umejaa au umebaki nusu. Ndiyo maana muuzaji mwaminifu anauweka kwenye mizani mbele yako. Na gesi ya AC ndivyo ilivyo. Gari likiwa limezimwa na limepoa, siku ya nyuzi 30, geji zote mbili, ya shinikizo kubwa na ya shinikizo dogo, zitasoma sawa, karibu pauni 97 kwa inchi ya mraba. Ndani kukiwa na gramu 200 zitasoma hivyo, kukiwa na gramu 600 zitasoma hivyohivyo, mradi kuna kimiminika kilichobaki. Geji hapo inapima joto la siku, haipimi ulichonacho. Mkono ndio kabisa. Miaka hiyo, gereji ya Keko, nilimjazia mteja Corolla kwa mtindo wa kupapasa. Bomba likawa baridi, mimi nikaongeza, likawa baridi zaidi, nikaongeza tena ili anisifie. Aliporudi kukwama juani Chang'ombe, valvu ya usalama ya kompresa ikafyatuka. Ukelele kama wa treni, wingu jeupe likatoka chini ya boneti, watu wakaanza kukimbia wakidhani gari linalipuka. Nilimrudishia hela yake na sikumwona tena. Gesi ikizidi nayo huharibu baridi, na watu wengi hawaliamini hili: wanadhani ikiwa nyingi ndivyo inavyopoza.

Kuhusu kompresa, usitoe hata shilingi kwanza. Kompresa iliyochoka haimfanyi mtoto aombe sweta. Ilikandamiza vizuri Februari ilipokuwa na gesi ya kutosha, na hujaniandikia kuwa inapiga kelele. Washa AC injini ikiwaka na gari likiwa limesimama, bila kukanyaga mafuta, simama karibu na boneti, usikilize. Utasikia "tak", ndiyo klachi ya kompresa inashika, na injini itashuka kidogo kisha ijitengeneze. Ikiwa "tak, tak, tak" kila sekunde chache, inashika na kuachia, hiyo ni dalili ya gesi pungufu. Kompresa iliyokufa kweli fundi mwenye geji mbili anaiona bila kubahatisha: inazunguka, lakini upande wa shinikizo kubwa haupandi na upande wa chini haushuki, geji zinatazamana kama ndugu waliogombana.

Ila nikuonye. Oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Ukiendelea kuizungusha ikiwa na gesi kiduchu, oili hairudi, na hapo utaiua kweli. Mpaka tundu lizibwe, zima AC. Najua ni kaskazi. Vumilia wiki hii.

Picha zako ndizo zilizonifurahisha, wateja wengi hawapigi. Ya kwanza inaonyesha zile nozeli mbili za kujazia, na zote ziko uchi. Zilipaswa kuwa na vifuniko vya plastiki, kimoja kimeandikwa L na kingine H. Fundi wako alivifungua akaviweka juu ya betri, ukaondoka navyo mpaka vikaanguka njiani, au bado viko kwenye vumbi la gereji yake. Watu wanadhani ni pambo. Ndani ya nozeli kuna kijisindano kama cha valvu ya tairi, na chenyewe hakizibi kwa asilimia mia; kifuniko chenye mpira wake ndicho kizibo halisi. Kila anapochomeka na kuchomoa anaingiza mchanga kidogo pale, sindano inakaa upande. Fanya hivi leo jioni: koroga sabuni ya unga na maji kidogo mpaka iwe povu zito, lidondoshe kwenye tundu la nozeli, kisha utulie. Usiangalie sekunde tano ukaondoka. Vuta kigoda. Tundu dogo linatoa kijipovu kimoja, kinavimba taratibu kama jicho la chura, kinapasuka, kinaanza kingine. Ukikiona, umepata mwizi mmoja, na dawa yake ni sindano mpya na kifuniko.

Mmoja, nasema, kwa sababu picha ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Pembe ya chini ya kondensa, upande wa kushoto, kuna doa jeusi na vumbi jekundu limegandia juu yake kama ukoko wa ugali. Vumbi haligandi hivyo kwenye chuma kikavu. Pale pana oili, na oili haifiki nje ya kondensa ila imebebwa na gesi inayotoka. Kondensa za magari ya umri huu huliwa na kokoto za barabarani na hewa ya chumvi, na pembe ya chini ndiyo hukusanya tope. Ikiwa tundu liko kwenye kiungo cha bomba, ni oringi tu, kijiduara cha mpira cha bei ya soda. Ikiwa liko kwenye mwili wa kondensa, wapo wanaochomelea aluminiamu, na wapo wanaoichomelea vizuri, lakini mimi ningetafuta kondensa nyingine. Iliyochomelewa kwenye gari la umri huu mara nyingi hufunguka hatua mbili pembeni.

Picha ya tatu ndiyo jibu la foleni ya Ubungo. Mapezi ya kondensa yameziba: mbawa za wadudu, tope, kipande cha mfuko. Na AC inayopoza ukiwa kwenye mwendo ikakukimbia ukisimama, shuku kwanza upepo. Gari likienda, barabara inakupulizia bure. Likisimama, feni ndiyo inayofanya kazi hiyo. Washa gari na AC, uchungulie nyuma ya rejeta: kuna feni mbili, na zote zinatakiwa ziwe zinazunguka. Iliyolala anza kwa fyuzi, kisha rilei yake, ile swichi ndogo inayoipelekea umeme. Kwenye boksi la boneti huwa kuna rilei nyingine ya aina ileile, fundi umeme anazibadilishana kwa dakika moja. Zikiwa nzima, mota ya feni imemaliza kaboni. Mapezi yaoshe kwa maji ya bomba yanayotiririka, ukitokea upande wa injini kwenda nje kama mpira unafika. Usimwachie kijana wa kuosha magari atumie mashine yake ya presha, atayalaza mapezi yote kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.

Hayo ya feni na kuosha malizana nayo kabla ya gereji. Kisha tafuta fundi wa AC kwa maswali mawili tu: una pampu ya kuvuta hewa? Una mizani? Akikuuliza mizani ya nini, muage kwa heshima.

Huyo mwenye navyo atakusanya kwanza gesi iliyobaki, asiipulize hewani. Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, nchi zilikutana hapo Kigali zikakubaliana kupunguza jamii hii ya gesi hatua kwa hatua, kwa sababu kilo moja ya R134a huongeza joto la dunia kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Kisha atajaza naitrojeni kavu na kupaka povu kila kiungo. Naitrojeni, mwanangu. Ukimwona anavuta mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji, chukua funguo zako uondoke. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ndani ya kompresa ni bomu.

Akishaziba matundu na kubadili oringi, abadili na draya, ule mkebe mdogo wenye punje za kunyonya unyevu. Kama draya yako ina kijidirisha cha kioo juu, ndipo utakapoona povu la gesi pungufu siku nyingine. Akiweka kondensa nyingine aongeze na oili kidogo, kama mililita 40, na iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Kibandiko hicho kiko chini ya boneti au mbele ya rejeta. Kimeandikwa Kijapani, usitishike: "HFC134a" utaisoma, na gramu zimeandikwa kwa tarakimu. Kipige picha kabla mvuke wa injini haujakimaliza.

Halafu inakuja hatua ambayo fundi wako wa dakika kumi hajawahi kukufanyia. Pampu inavuta kila kitu kilichomo kwenye mabomba, hewa na unyevu, kwa nusu saa mpaka dakika 45. Hewa ya Dar masika inabeba maji mengi, na ile oili inanyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Maji yakibaki ndani yanaganda kwenye kile kitundu chembamba, utapata baridi dakika kumi, inakata, unazima, inarudi, na hutaelewa. Mengine yanachanganyika na oili na gesi na kuzaa asidi inayokula mabomba kutokea ndani. Ndani ya ombwe maji huchemka hata bila moto, yanatoka kama mvuke. Akimaliza afunge koki, azime pampu, na geji iachwe dakika 20 bila kuguswa. Kaa hapo hapo uitazame. Sindano ikipanda, kuna tundu bado, na gesi isiingie.

Isipopanda, anaweka mtungi juu ya mizani na kuingiza gramu zile za kibandiko, si zaidi. Injini ikipandishwa mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika, siku yetu ya joto, upande wa chini unatakiwa uwe kati ya pauni 20 na 40 hivi na wa juu uzunguke pauni 200 au zaidi kidogo. Bomba nene liwe baridi lenye jasho, jembamba liwe la moto. Hapo sasa hata mimi naruhusu kushika.

Mtungi wa R134a wa kawaida ni wa bluu isiyoiva, kilo 13.6. Uliza umenunuliwa wapi. Gesi bandia ipo, na wewe unayefanya kazi karibu na bandari pengine ulisikia: mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi ililipuka na kuua wafanyakazi Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa gesi bandia iliyokula aluminiamu ndani kwa ndani. Bei chee kupita kiasi iwe inakushtua.

Jirani yako wa gesi ya kupikia sitamwita mwongo. Inapoza, tena vizuri. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi ya jamii hiyo. Lakini friji imebeba gramu chache, imesimama jikoni na haigongwi na daladala. Kwenye gari lako kondensa ndiyo ya kwanza kupondeka ukigongana na mtu kwa mbele, na evapoleta iko kwenye njia ya hewa wanayovuta watoto wako vioo vikiwa vimefungwa. Na tunajua mfumo wako unavuja. Kujaza kitu kinachowaka kwenye mfumo unaovuja, sina la kuongeza. Fundi atakayefuata naye hatajua kilichomo, atakuja na sigara.

Dawa ya kuziba matundu, hapana. Imetengenezwa igande ikikutana na hewa na unyevu, na ndani ya mfumo uliokuwa ukijazwa bila kuvutwa hewa, unyevu umejaa. Itaganda kwenye kitundu, itaharibu na mashine ya fundi, na mafundi wenye mashine nzuri wakiigundua wanakataa gari.

Kaka yako msikilize kwa mengine. Akisema ing'olewe, mkumbushe masika: mvua ya Aprili, watu wanne ndani, kioo cha mbele kimefunga ukungu na daladala inakuchomekea. AC ndiyo inayokausha hewa ile na kukufungulia kioo kwa nusu dakika. Mzee wako nadhani alilijua hilo.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine. Mwenye gari la kabla ya 1993 hivi, atazame kibandiko. Huenda ilikuwa R12, gesi ya zamani ambayo nchi zetu zilipaswa kuacha kuiingiza kufikia 2010. Inabadilika kwenda R134a, lakini kwa oili nyingine, oringi nyingine, draya mpya na gesi pungufu kidogo ya ile ya awali, si kwa kumwagia juu ya mabaki. Na wenye mahaibridi, magari ya petroli na umeme kama Prius na wenzake: kompresa yenu inaendeshwa kwa umeme mkubwa na ina oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akiitia oili ya Carina, mtakuja kulia.

Mwanangu, ikishapona, iwashe angalau dakika kumi kila wiki, hata Julai kunapopoa. Sili ya shafti ya kompresa inakaa laini kwa oili inayozungushwa. Ikikaa kavu miezi inapasuka na unaanza upya. Gari likiwa limeshinda juani Posta, fungua vioo dakika mbili litoe moto, ndipo ufunge na ubonyeze kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Na bandika kipande cha plasta chini ya boneti: tarehe, gramu. Siku ukihisi imepungua, gesi itakayotolewa ipimwe, mtajua imepotea kiasi gani kwa muda gani.

Limebaki zulia. Hilo halihusiani na gesi, ni zuri kwa namna yake, maana lina maana kuwa evapoleta ilikuwa inatoa jasho sawasawa. Yale maji unayoona yakidondoka chini ya magari yaliyowasha AC yanapita kwenye kijipira kilichotokeza kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya abiria. Chako kimeziba kwa vumbi na majani, maji yakakosa pa kwenda yakahamia ndani. Mwambie fundi akitafute chini ya gari, achokonoe taratibu kwa kipande cha mpira mwembamba au waya uliokunjwa ncha. Asichomeke kwa nguvu, evapoleta iko juu kidogo tu na ni laini. Asikae chini yake mdomo wazi, maana yatashuka kikombe kizima, na yananuka. Kisha toa zulia lote, na sponji ya chini yake, uvianike siku mbili. Viatu vya mtoto navyo.